Kwa Atakayeshika Daftari

Mihayo,
mwongozo waliotuletea kutoka wilayani
una kurasa kumi na mbili na mhuri wa bluu.
Usome. Siudharau.
Ila waliouandika hawakujua
kwamba kufuli la ghala letu hapa Ussoke
halifunguki mpaka ulinyanyue kidogo,
kama umembeba mtoto aliyelala.

Jumamosi, saa tatu, ndivyo ilivyoandikwa.
Watafika saa mbili.
Wewe fika saa moja na nusu,
maana mtoto anayewahi sana
pengine hakuwahi kufika,
aliwahi kuondoka.

Mpira una pancha mbili. Nimeziziba mwenyewe
kwa gundi ile ile ya baiskeli za wateja.
Ukijazwa upepo mwingi unavimba shavu moja,
na Dotto atakwambia unaumwa jino.
Cheka.
Si kila kicheko kina ajenda.

Ukurasa wa tatu: mwenyekiti awe kijana.
Kweli. Kaa nyuma, karibu na magunia,
uume ulimi.
Kikao chao cha kununua kamba ya kuruka
kilichukua saa mbili na dakika kumi.
Mimi ningeinunua kwa dakika tano.
Ingekuwa kamba yangu.

Mwezi wa tatu daftari litajaa vistari.
Usiwafokee. Tumbaku haingoji;
wako mabanini wanatunga majani,
vidole vyeusi kwa utomvu.
Wakirudi usiulize, "Mlikuwa wapi?"
Uliza, "Bani lenu lilikubali?"
Utajibiwa mpaka jioni.

Mlango wazi. Siku zote wazi,
hata mvua ikipiga mpaka katikati ya sakafu.
Usibaki na mmoja ndani, mkajifungia,
hata awe mpwa wako, hata iwe hesabu tu.
Nilidhani kanuni hii inanituhumu.
Nilinuna wiki nzima.
Baadaye nikaelewa: mlango hauniangalii mimi,
unamwangalia yeyote atakayekuja baada yangu.
Na samahani, Mihayo, ni wewe.

Sasa ukurasa wa saba.
Utaona nimeukunja pembe, una doa la grisi.
*Usimwahidi mtoto kutunza siri.*

Nkwimba alibaki nyuma akifagia,
ufagio ukienda na kurudi mahali pamoja.
Akasema, "Fundi, nikikwambia, hutasema?"
Nikasema, "Sitasema."
Mlango ulikuwa wazi, wenzake wako uani,
kila kitu kilikuwa sawa na kanuni
isipokuwa mdomo wangu.
Siku kumi na moja niliitunza siri ile
nikidhani namtunzia yeye.
Kumbe nilikuwa namtunzia mwenye kosa.
Siku ya kumi na mbili nilikwenda kwa mama Milembe wa ustawi wa jamii,
sikuhisi kanyagio wala kilima.

Nkwimba sasa yuko Kaliua kwa shangazi yake. Anasoma.
Hajanisalimia tena, na ni haki yake.
Jina lake sijalifuta.
Nawe usilifute.

Kwa hiyo siku utakapoulizwa vile, usiitikie.
Sema, "Nitamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia,
na nitakutajia kwanza ni nani."
Huenda akanyamaza.
Kaa hapo hapo. Shika ufagio wa pili.

Yaliyobaki ni madogo.
Risiti ya chai weka, hata ya shilingi mia tano.
Sukari imo kwenye debe la rangi, panya hawajagundua.
Picha hapana, mpaka mzazi akubali.
Na ukichoka, sema umechoka, wapo wa kukushika mkono;
kazi yangu imenifundisha hili moja:
spoku inayobeba uzito wa wenzake
haikatiki mlimani,
hukatika tambarare, siku ya kawaida.

Ufunguo huu hapa.
Nyanyua kidogo, halafu zungusha.
Ni saa moja na dakika arobaini.
Kuna mtu tayari kizingitini.